Nguzo za "dawa" zimeliwa ndani ya miaka mitatu. Najenga upya banda na kibanda cha magogo huku Amani, naombeni ushauri

Mgosi wa Milimani:

Wakuu, salaam.

Nina shamba la ekari nne huku Amani, Muheza. Kwa asiyeijua Amani, mvua inakaribia milimita 1,900 kwa mwaka, na hata siku ambazo Tanga mjini wanalia joto sisi tunaanua nguo zikiwa mbichi kuliko tulivyozianika. Mwaka 2021 nilijenga banda la ng'ombe wanne wa maziwa kwa nguzo za mikaratusi, nikaambiwa zimetiwa dawa kiwandani. Kijani chake kilikuwa safi kabisa. Nikachimbia futi mbili, nikamwaga zege kuzizunguka ili zishike.

Masika ya 2024 ng'ombe alijikuna kwenye nguzo ya kona, ikakatika usawa wa zege kama muwa. Nikaipasua kwa shoka. Kijani kilikuwa na unene wa ukucha tu, ndani mti mweupe umejaa vijia vya mchwa na udongo wao. Nguzo tano kati ya kumi na mbili ziko hivyo. Zilizobaki nimezigonga kwa nyundo, tatu zinalia debe tupu.

Sasa nataka kujenga upya, na nimeongeza wazimu mwingine: kando ya banda nataka kibanda cha magogo, mita 4 kwa 5, cha kulala mimi na mama watoto tukishastaafu. Magogo ninayo, mikaratusi niliyopanda 2008 na misonobari michache. Nitumie mti upi, dawa gani, na je, oili chafu inatosha kama anavyosema fundi wa hapa kijijini? Nyumba ya tofali sitaki, msinishauri.

Kijiwe Nongwa:

Jenga ya tofali mkuu.

FundiMbao:

Mgosi, pole sana. Uliuziwa rangi. Nguzo iliyotiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo ukiikata katikati utaona kijani kimeingia mti mweupe wote mpaka kinapogota kwenye kiini, ule mti mgumu wa katikati. Siku nyingine kabla hujalipa, mwambie muuzaji aikate moja mbele yako, mbali na ncha, maana nchani dawa huingia kirahisi. Akianza hadithi, ondoka. Na hata ukipata ya kweli, ukiifupisha mwenyewe, upande uliokata uende juu, usiuchimbie. Kiini hakijanywa dawa na mchwa ataingilia hapo hapo.

Hilo ni la muuzaji. La zege ni lako, usikasirike. Mti ukikauka unasinyaa, unaacha mwanya kati yake na zege, maji yanateremka humo na hayana pa kutokea. Umeichimbia nguzo kwenye kikombe. Mti mkavu hauozi, na uliozama majini moja kwa moja hudumu sana. Unaoza pale penye maji na hewa kwa pamoja, ndiyo maana yako ilikatikia usawa wa ardhi na si kwingine.

Kwa hiyo safari hii usichimbie kitu. Jenga visiki vya mawe au zege, sentimita 45 juu ya ardhi, visimamishie chuma chenye masikio mawili, nguzo ikae juu ya chuma na kufungwa kwa bolti, chini yake pabaki uwazi wa vidole viwili upepo upite. Katikati ya kisiki na chuma weka kipande cha bati kilichokunjwa kingo kuelekea chini. Mchwa akitaka kupanda itabidi ajenge njia yake ya udongo nje, utaiona na kuifuta. Kwa kuwa banda halitashikwa na ardhi tena, funga mikingamo ya mshazari kila kona, la sivyo upepo utalilaza.

Oili chafu ni ya kujifariji. Inakaa juu juu, inanuka, na ng'ombe atailamba.

Mama Maziwa:

Naunga mkono hoja ya Fundi, niongeze ya banda tu. Unyevu wa banda la ng'ombe hautoki mvuani peke yake, ng'ombe wanne wanapumua na kukojoa humo humo. Langu nilianza kwa kuziba pande zote nikiogopa baridi ya Lushoto. Ndani ya mwaka mmoja kenchi zilikuwa zimeota kuvu jeupe kama unga na ndama wanakohoa. Sasa kuta zinaishia usawa wa kifua, juu pako wazi, na chini ya kofia ya bati nimeacha mwanya wa shubiri moja urefu wote wa paa. Sakafu ni ya zege, imelalia kwenye mfereji. Mbao za kuta hazigusi sakafu.

Na vipande vya nguzo za dawa usipikie, hata vile vya kuanzia moto. Dawa ile ya kijani ina aseniki ndani yake, moshi na majivu ni sumu. Vumbi la msumeno lake usitandikie ndama. Hori la chakula lijenge kwa zege.

Mswahili wa Bergen:

Niko Norway mwaka wa tisa, na Bergen mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo nawaelewa. Huku kuna makanisa ya mbao ya enzi za kati ambayo bado yamesimama, lile la Borgund ni la miaka ya 1180 hivi. Waliotangulia walichimbia nguzo ardhini, makanisa yale yakaoza yote, yamebaki mashimo tu. Waliofuata wakalaza boriti juu ya mawe na kusimamisha nguzo juu ya boriti. Wanapaka lami ya msonobari na kurudia kila baada ya muda. Maghala yao ya zamani ya chakula nayo yameinuliwa juu ya miguu.

FundiMbao:

Mfano mzuri, ila huko kwenu hakuna mchwa. Na baridi inawalaza kuvu nusu mwaka. Amani kuvu anafanya kazi Januari mpaka Desemba.

Mswahili wa Bergen:

Kweli, hilo la mchwa sibishi.

Mgosi wa Milimani:

Asanteni sana. Kuna swali la kibanda. Mikaratusi au misonobari? Na fundi anasema nisubiri mwezi uishe ndipo nikate.

FundiMbao:

La mwezi wazee wetu wa pwani wanaliamini sana kwenye boriti za mikoko, sitagombana nao. Mimi nakata kiangazi, kwa sababu gogo linaanza kukauka kabla kuvu hajalikuta. Bandua magome siku hiyo hiyo. Bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, wanapenda kutaga chini ya gome, ukiacha wiki mbili utakuta unga umedondoka.

Mikaratusi ni migumu lakini inapasuka vibaya ikikauka haraka. Ipake rangi nzito nchani, ipange juu ya magogo mengine kivulini. Kwa ukuta wa kibanda cha kulala mimi ningechagua misonobari, imenyooka na haina ugomvi na patasi, ila bila dawa haifiki popote. Kuna boraksi na asidi ya boriki, kilo moja na nusu kwa kilo moja, unayeyusha kwenye maji ya moto. Paka gogo likiwa bado bichi, kisha lifunike kwa nailoni wiki kadhaa, dawa inajipenyeza ndani yenyewe kwa sababu ya ule unyevu. Baada ya hapo ndipo ulikaushe. Kasoro yake, mvua inaiosha. Kwa hiyo ni ya ukuta ulio chini ya upenu tu.

Na upenu usifanye ubahili: mita moja kila upande. Maji ya paa yakipiga udongo yanaruka, nenda katazame banda lako la sasa, yale matope ukutani yanaishia magotini. Mwaga kokoto pale yanapodondokea. Ncha za magogo zinazotokea kwenye kona zikate fupi zibaki chini ya upenu, zinanyonya maji kama utambi. Ufa mkubwa wa gogo uutazamishe chini, ukiutazamisha juu umetengeneza bakuli.

Jambo ambalo wengi hulisahau: ukuta wa magogo yaliyolazwa unashuka. Magogo mabichi yakisinyaa, ukuta wa mita mbili na nusu unaweza kushuka sentimita 10 au zaidi. Juu ya kila fremu ya mlango na dirisha acha nafasi hiyo, iwekee pamba ya kuziba na ubao wa kuficha. Ukipigilia fremu moja kwa moja, baada ya mwaka mlango haufunguki na utakuwa nje na mama watoto.

Mdau wa Misitu:

Mgosi, hata kama miti ni yako, kabla ya kukata pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya uulize kibali. Pale Amani hifadhi iko jirani na gogo lisilo na alama ya nyundo ya serikali linakuletea mazungumzo marefu barabarani. Ukikosa mti wenye kiini cha kudumu kwa ajili ya ile boriti ya chini kabisa ya ukuta, mitiki ya Longuza iko hapo hapo Muheza. Chukua kiini, ule weupe wa nje wa mtiki unaliwa kama mti mwingine wowote.

Mgosi wa Milimani:

Nimetoka kutazama. Matope yamefika magotini kweli, na upande wa kusini mpaka mapajani. Nimehesabu, visiki kumi na viwili vya banda na tisa vya kibanda. Chuma cha masikio nimempelekea fundi wa kuchomelea mchoro, anataka kujua unene wa bati la chuma.

FundiMbao:

Milimita 6, na akishachomelea alipake rangi ya kuzuia kutu kabla hujalifunga. Matundu atoboe mawili kila sikio, ya bolti ya milimita 12.

Kijiwe Nongwa:

Ukimaliza tutumie picha. Na ng'ombe wa kona awemo.