Tupeane uzoefu: mawazo yasiyoisha yalikukamata sehemu gani ya mwili?

Mleta mada (Morogoro)
Habari zenu wakuu. Sizungumzii wasiwasi wa mtihani au wa siku moja. Nazungumzia msongo unaolala na wewe na kuamka na wewe.

Mimi nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kuokoa duka, marejesho kila siku. Saa tisa usiku macho makavu, taya nimelikaza mpaka asubuhi meno yanauma, shingo haigeuki, tumbo linaunguza. Nilipopimwa, presha ilikuwa 150 kwa 100, nami nina miaka 34. Daktari aliniandikia dawa, kisha akaniuliza, "Una deni?" Sijawahi kuulizwa hivyo hospitali, nikajikuta nalia.

Niliuza friji la duka nikapunguza deni, na mke wangu nikamwambia kiasi chote. Usingizi ulianza kurudi wiki ile ile, kabla hata deni halijaisha. Wewe msongo ulikupata wapi mwilini, na ulifanyaje?

Muuguzi, kliniki ya presha na kisukari
Pole sana mkuu, na asante kwa kuanzisha. Mwili unampokea anayekudai akipiga simu kama unavyompokea mbwa anayekukimbiza. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, mishipa inabana, ini linaachia sukari kwenye damu. Mbwa akiondoka, vyote vinashuka. Deni haliondoki, kwa hiyo mwili unabaki kwenye hali ya hatari miezi na miezi. Napokea wagonjwa wa kisukari ambao sukari imepanda na wanaapa hawajagusa soda. Ukikaa nao vizuri unakuta kuna kesi ya kiwanja nyumbani.

Kuhusu tumbo, msisingizie mawazo peke yake. Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi huo. Vingine vinaletwa na dawa za maumivu. Msongo unazidisha maumivu, lakini bakteria anahitaji kipimo na dawa zake. Na tafadhali, msimeze diklofenaki kila siku kwa ajili ya kichwa: inachubua tumbo na inaweza kupandisha presha.

Kifua kikibana, maumivu yakaenda mkononi au tayani, na jasho la baridi likakutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usijiambie ni mawazo tu.

Dada wa Mombasa
Mie namuuguza mama, amepooza upande mmoja. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha, usiku kuitwa. Hedhi ilikata, nywele zikawa zabaki kwenye kitana. Nikapimwa mimba, hakuna. Tezi ya shingo, salama. Daktari akasema mwili umechoka mno.

Kaka zangu walikuwa wakituma pesa na pole. Nikaitisha kikao, nikawaambia pesa haimgeuzi mama usiku. Sasa wifi yangu analala kwa mama Ijumaa na Jumamosi, nami nalala kwangu, mlango nimefunga. Hedhi imerudi. Hakuna dawa niliyomeza.

Mlinzi wa zamu za usiku
Mimi natembea kwa miguu kurudi nyumbani, nusu saa, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, ndizo WHO, Shirika la Afya Duniani, wanazoshauri. Kifua kikianza kubana kwa hasira navuta pumzi taratibu puani, naitoa kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta. Kahawa sigusi nikikaribia kulala. Bia inaleta usingizi haraka, halafu inaukatakata.

Mleta mada
Asanteni sana. Muuguzi, presha sasa inasoma 128 kwa 82. Naweza kuacha vidonge?

Muuguzi
Usiache mwenyewe, mkuu. Huenda imeshuka kwa sababu unavimeza. Pima asubuhi na jioni kwa wiki moja, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano kwanza. Andika namba zote kwenye daftari umpelekee daktari, na mweleze kuhusu deni lilipofikia. Yeye ndiye ataamua kama dozi ipunguzwe.