Mgombea wetu ameshindwa ubunge mara tatu na anajiandaa tena: tumshauri nini?

Mwana wa Ujiji ameuliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba maoni ya watu wazima, hasa wale waliowahi kusimamia uchaguzi au kugombea katika mkoa wetu wa Kigoma.

Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye amegombea ubunge mara tatu mfululizo na mara zote hakupata. Sitalitaja jimbo wala chama, kwa sababu sitaki mazungumzo haya yageuke kampeni. Mara ya kwanza kura hazikutosha. Mara ya pili fomu yake iliwekewa pingamizi, akaenguliwa kabla hata hajapanda jukwaani. Mara ya tatu alifika mpaka kwenye sanduku la kura, akawa wa pili. Sasa ameanza kuzungumzia 2030. Nusu ya shamba lake la michikichi imekwisha kuuzwa, Noah iliyokuwa ikibeba vipaza sauti imesimama juu ya mawe uani bila magurudumu, na shemeji yetu, ambaye duka lake la mawese na dagaa ndilo linaloilisha nyumba, amesema mbele ya wazee kwamba safari hii hatatoa hata senti moja.

Ukoo umeniagiza mimi, kwa kuwa nilikuwa meneja wake wa kampeni, nimweleze neno moja la kueleweka: aendelee au aache. Wapo wanaosema mvumilivu hula mbivu, na wapo wanaosema asiyekubali kushindwa si mshindani. Naomba hoja, tafadhali, si matusi.

Mama Migebuka amejibu:

Mwambie aache. Mimi nauza samaki mwaloni na nimepiga kura tangu vyama vingi vilipoanza, kwa hiyo wagombea nawafahamu kama ninavyoifahamu mizani yangu. Wengi wao tunawaona mara moja kila baada ya miaka mitano, wakija na kofia na kutushika mikono hata kabla hatujainawa magamba, na matokeo yakishatangazwa hata namba zao za simu hazipatikani. Ndugu yako simjui na sisemi kwamba yuko hivyo. Nakuuliza tu: tangu matokeo ya mwisho yatangazwe, amekaa kwenye mkutano wa mtaa gani, na aliposimama alizungumzia nini? Ukikosa jibu la swali hilo, basi jibu la ukoo unalo tayari.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu, amejibu:

Mwanangu, nimesimamia vituo vya kupigia kura katika chaguzi kadhaa, na kabla ya kukushauri ningependa tutenganishe mambo ambayo wewe umeyafunga katika furushi moja. Hukusema kwamba kaka yako ameshindwa na wapiga kura mara tatu. Umesema ameshindwa nao mara mbili, na mara moja ameshindwa na karatasi. Aliyeenguliwa kwa pingamizi hajapimwa na mwananchi yeyote, kwa hiyo hatuwezi kuihesabu mara ile kuwa ni hukumu ya jimbo, ingawa inatueleza jambo kuhusu umakini wa watu waliomjazia fomu, au kuhusu mazingira ya uchaguzi wenyewe, au yote mawili.

Pili, mkoa wetu haujawahi kuwa na mpiga kura wa kudumu wa mtu fulani. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilishinda majimbo manne ya kuchaguliwa nchini kote, na yote manne yalikuwa ya Kigoma: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe na Kigoma Kusini. Miaka mitano baadaye haikubaki nalo hata moja kati ya hayo. Kule Buyungu, Christopher Chiza alikuwa mbunge tangu 2005, akafika hadi uwaziri wa kilimo, kisha mwaka 2015 akaangushwa na Kasuku Bilago wa Chadema. Bilago alipofariki dunia mwaka 2018, uchaguzi mdogo ukaitishwa na Chiza akarudi bungeni. Zitto Kabwe alishinda Kigoma Kaskazini mwaka 2005 na 2010 akiwa Chadema, akahamia Kigoma Mjini na kushinda mwaka 2015 kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, akapoteza kiti hicho kwa Kilumbe Ng'enda wa CCM mwaka 2020, na alipokitaka tena mwaka 2025 hakukipata. Kwa hiyo anayesema kwamba aliyeshindwa jana hawezi kushinda kesho haijui Kigoma, na anayesema kwamba uvumilivu pekee hulipa, yeye pia haijui.

Wazee wenzangu watakumbuka zaidi habari ya Dk. Walid Kabourou. Aligombea Kigoma Mjini katika uchaguzi mdogo wa mwaka 1994, akatangazwa kushindwa na mgombea wa CCM, akaenda mahakamani, na matokeo yale yakabatilishwa. Miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa ni jinsi redio ya Serikali ilivyotangaza habari za kampeni kwa kuupendelea upande mmoja. Mwaka 1995 aligombea tena, akashinda. Watu husimulia mkasa huo kama kisa cha subira, lakini mimi nauona kwa namna nyingine: alirudi akiwa na hoja mpya mkononi, tena hoja ambayo kila nyumba yenye redio iliielewa. Kaka yako anarudi na nini?

Kuna jambo jingine ambalo vijana wamelisahau upesi mno. Kuanzia katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, ikabaki kwamba mbunge ndiye anayeweza kuzungumza na watu wake ndani ya jimbo lake, na zuio hilo liliondolewa Januari 2023. Maana yake ni kwamba katika kipindi chote hicho aliyeshinda alikuwa na jukwaa, na aliyeshindwa hakuwa nalo. Mgombea wa upinzani aliyepotea machoni pa watu miaka ile hakuwa mvivu kwa lazima. Mama Migebuka yuko sahihi kuuliza alikuwa wapi, lakini kwa baadhi ya miaka swali hilo lina jibu la haki.

Nimalize na hili, kwa kuwa najua kuna mtu atamleta Abraham Lincoln kama wanavyofanya wahamasishaji wote. Ni kweli kwamba alishindwa mwaka 1832 alipogombea Bunge la jimbo la Illinois, akiwa na umri wa miaka 23, akawa wa nane kati ya wagombea 13. Kinachoachwa kila mara ni kwamba pale New Salem alipokuwa akiishi alipata kura 277 kati ya 300. Waliomfahamu walimchagua, na wasiomfahamu hawakumchagua. Mwaka 1834 alishinda. Basi nenda kachukue nakala za fomu 21B, zile za matokeo ya ubunge, ambazo mawakala wenu walipewa vituoni, uzipange kata kwa kata, uangalie New Salem ya kaka yako iko wapi. Kama hata nyumbani kwake hapati, uache ukoo umkataze. Kama nyumbani anapata na kwingine hapati, hapo tuna mazungumzo.

Wakili wa Tabora amejibu:

Shikamoo, mwalimu. Naongeza upande wa sheria, maana naona watu wengi hushauriana kuhusu kugombea kana kwamba mtu hugombea peke yake.

Katiba yetu, Ibara ya 67, inamtaka anayegombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi hayupo. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo tangu miaka ya tisini. Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikampa ushindi mwaka 2013, lakini utaratibu wa hapa nchini haukubadilika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama jimbo litamtaka kwa mara ya nne, ulizeni kama chama kitamtaka, na kwa nini kitamtaka.

Nasema "kwa nini" kwa makusudi. Viti maalumu vya wanawake bungeni hugawanywa kwa uwiano wa kura ambazo chama kimepata katika uchaguzi wa wabunge, mradi chama kisipungukiwe na asilimia tano ya kura halali. Hivyo kura za mgombea aliyeshindwa hazipotei kwa chama, hata kama kwake zimepotea. Chama kinaweza kumsifu mgombea wa kudumu, kumwita jemedari na kumpigia makofi, kwa sababu kila akisimama huleta kura kwenye kapu la taifa huku gharama akizilipa yeye na mke wake. Silaumu chama chochote kwa hilo, ndivyo mfumo ulivyo, lakini ukoo unapaswa kulijua kabla ya kuuza nusu ya shamba iliyobaki.

Kuhusu kuenguliwa: fomu ya uteuzi huhitaji wadhamini wasiopungua 25 ambao ni wapiga kura wa jimbo hilo, pamoja na tamko la mgombea mbele ya hakimu. Pingamizi nyingi ninazozisoma hutokana na mambo madogo, kama vile jina lililoandikwa tofauti na lilivyo katika daftari, mdhamini aliyejiandikisha jimbo jingine au sahihi iliyosahaulika. Baadhi ya pingamizi hizo ni za uonevu na baadhi ni za haki. Zote zina dawa moja: kujaza mapema na kumpa mtu asiye shabiki wa mgombea aisome fomu mstari kwa mstari. Mwaka ule, nani aliisoma ya kaka yako?

Mwana wa Ujiji amejibu:

Nawashukuru nyote, na shikamoo, mwalimu. Fomu ile tuliijaza usiku wa kuamkia siku ya kurudisha, na hakuna aliyeisoma zaidi yetu tulioijaza.

Nimezitoa nakala za 21B. Nyingine zimeliwa na panya, na nyingine wino umefifia, kwa kuwa wakala aliandika akiwa amemulikiwa kwa tochi ya simu, lakini zilizosomeka zimetosha kuonyesha picha. Katika kata za mwambao, tulikokulia, ameongoza mara zote mbili alizopigiwa kura. Katika vijiji vya milimani ameanguka vibaya, tena mara ya mwisho vibaya kuliko ya kwanza. Na nikisema ukweli, kule milimani tulipanda kwa siku chache sana, kwa sababu mafuta ya gari yaliishia kwenye boti: tulikuwa tukirudi vijiji vya ziwani, ambako watu wanatushangilia, tukaona ndiyo kampeni.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu, amejibu:

Basi sasa tunajua alikoshindwa. Ni wagombea wachache wanaopenda kwenda mahali wasikoshangiliwa, na ukimtazama aliyemshinda utakuta alikwenda.

Ushauri wangu ni agombee udiwani katika kata yake ya mwambao. Najua atakasirika, ataona ameteremshwa. Mkumbushe kwamba mbunge mwenyewe huketi katika Baraza la Madiwani kama mjumbe, na kwamba humo ndimo zinamopita bajeti za barabara za vijiji, zahanati, madarasa na ushuru wa mazao na samaki, yaani mambo yaleyale aliyokuwa akiyaahidi jukwaani. Miaka mitano ya udiwani itampa sababu halali ya kupanda milimani akiwa na kazi ya kamati, si na kofia. Halafu gharama za kampeni ya kata moja hazihitaji kuuza mchikichi hata mmoja.

Wakili wa Tabora amejibu:

Nakubaliana nawe, mwalimu, isipokuwa jambo moja. Udiwani usiwe daraja tu. Nimewaona madiwani hapa Tabora waliotumia kipindi kizima kuutazama ubunge, wakakosa vikao vya kamati, na wananchi wakawanyima vyote viwili. Kama hataki udiwani kwa ajili ya kata yenyewe, ni heri abaki mkulima na awe mjumbe wa kamati ya shule.

Mwana wa Ujiji amejibu:

Nimezungumza na shemeji kwanza, kwa sababu ndiye anayelipa. Amesema kwa udiwani atatoa fedha za fomu na si zaidi, na ametaka daftari la matumizi likae dukani kwake. Kaka bado hajakubali. Alipoona hesabu za milimani alinyamaza, kisha akaniuliza ni nani aliyekuwa wakala wetu katika kituo cha mwisho kule juu. Nikamwambia hatukuwa na wakala. Kikao cha ukoo kitakaa Jumapili, na nitazipeleka hizo fomu zilivyo, pamoja na zile zilizoliwa na panya.

Mama Migebuka amejibu:

Akigombea udiwani katika kata yenye mwalo wetu, nitamsikiliza. Aje siku ya kawaida, asubuhi, boti zinaporudi, bila vipaza sauti, atuambie atafanya nini kuhusu choo na ushuru tunaotozwa mara mbili kwa ndoo moja. Kura yangu simwahidi.