Hivi ni kweli makampuni ya teknolojia yanakosa maprograma, au tunazugwa?

Mzawa_wa_Mbagala
Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie kwenye hili maana linaniumiza kichwa. Kila kongamano la teknolojia unasikia mabosi wanalalamika maprograma wenye ujuzi hakuna, vyuo vinatoa vijana ambao hawajaiva, wanalazimika kutafuta watu nje. Halafu huku mtaani nina washkaji kibao wamemaliza sayansi ya kompyuta UDSM na UDOM, mmoja anauza kava za simu Kariakoo, mwingine karudi kwao Kahama analima mpunga, na sio vilaza, yule wa kava mwaka wa mwisho alitengeneza mfumo wa mikopo ya vikoba na ulifanya kazi. Matangazo ya kazi ukisoma ni uzoefu miaka mitano, ujue lugha sita za programu, mshahara maelewano. Sasa huo uhaba uko wapi? Nauliza kwa nia njema kabisa, mlio ndani tuambieni.

Fundi_Seva
Mkuu mimi niko upande wa kuajiri, kampuni ndogo ya malipo hapa Dar. Uhaba upo ila sio huo unaotangazwa. Tukitoa nafasi ya junia, yaani anayeanza kazi, CV zinamiminika mpaka hatumalizi kuzisoma, tukitafuta mtu mzoefu kiti kinakaa wazi miezi. Kwenye usaili nina swali langu: mteja kalipa kwa simu, mtandao ukayumba, taarifa ya malipo kutoka kampuni ya simu imefika kwenye seva yetu mara mbili, utafanyaje? Wengi hata hawaoni tatizo liko wapi, mfumo wao unamwongezea mteja salio mara mbili na pesa imeshapotea hiyo. Mtu aliyewahi kuamshwa saa nane usiku mfumo umegoma anakwambia papo hapo, naangalia kwanza namba ya muamala kama ipo kwenye databesi, namba yenyewe naiwekea sharti isijirudie, halafu namjibu aliyetuma kwamba nimepokea ili asiendelee kutuma. Hiki kitu video za YouTube hazikupi, unakipata kazini ukiwa na mtu wa kukukosoa.

Mzawa_wa_Mbagala
Sasa mkuu si umejijibu mwenyewe hapo? Kama kinapatikana kazini, na ambaye hajawahi kufanya kazi hamumchukui, akipatie wapi?

Ngong_Road_Kijana
Hapo ndipo penyewe. Sisi huku Nairobi haya tumeyaona kwa macho yetu. Kampuni ya Andela walianza 2014 Lagos, mwaka uliofuata wakaja huku, habari ilikuwa ni kuchukua vijana wenye akili, kuwafunza na kuwaunganisha na kampuni za nje. Tuliwaamini sana. Septemba 2019 wakatangaza wanaachisha kazi junia 250 hivi wa Nigeria na Uganda, na Kenya wanaoweza kuguswa ni hadi 170, kwa sababu wateja wanataka masinia tu, yaani wazoefu. Na wakati huohuo wakasema wataajiri wazoefu zaidi ya 700! Yaani hata kampuni iliyozaliwa kwa ajili ya kuwalea junia ilishindwa kuwauza. Halafu Microsoft walifungua kituo chao Nairobi 2019, Google nao wakatangaza chao 2022, na startapu, yaani kampuni changa, zikaanza kulia kwamba zinanyang'anywa watu. Watu walikuwepo jamani, wamefuata mshahara. Anayelipa vizuri hajakosa mtu.

Dada_wa_Seattle
Nawaongezea ya huku Marekani. Wimbo wa uhaba uliimbwa miaka mingi hapa, kampuni zinaomba viza za H-1B, zile za wageni wenye ujuzi, ziongezwe, ukomo kwa mwaka ni 65,000 na nyingine 20,000 za waliosoma digrii za juu hapa. Sawa. Lakini Novemba 2022 Meta, wenye Facebook, ikaachisha watu 11,000, Januari 2023 Google ikatangaza 12,000, na mwenye viza hiyo akiachishwa kazi ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine, la sivyo afungashe. Nimeona familia zinahesabu siku, watoto wako shuleni, inauma sana. Na kuna kesi watu wameisahau, Apple, Google, Intel na Adobe walishtakiwa kwamba walikubaliana kimyakimya wasichukuliane wafanyakazi, 2015 wakamaliza kwa kulipa dola milioni 415. Kitu kikiwa adimu kweli bei inapanda, wao wakakaa chini kuizuia isipande. Kwa hiyo mtu akiniambia uhaba namuuliza kwanza unalipa ngapi.

Fundi_Seva
Dada nakubali, ila usitupime sisi wadogo kwa kipimo cha Google, mshahara wa Google hatuuwezi hata tukikesha. Na hofu ya bosi wangu ipo wazi, tukimlea kijana akiiva anachukuliwa na kampuni ya Ulaya anafanya kazi akiwa kwake Tabata, gharama imebaki kwetu. Imeshatokea kwetu. Mimi bado nambishia, kwa sababu huyo aliyeondoka alituandikia sehemu kubwa ya mfumo tunaotumia mpaka leo.

Binti_Arusha
Naona mnasahau filidi, yale mafunzo kwa vitendo. Chuo kinampeleka kijana kwenye kampuni wiki nane, kinachofanyika ni kumtuma akafunge projekta na kubadilisha wino wa printa, anasainiwa logibuku anarudi chuoni. Hizo wiki zingetumika vizuri nusu ya haya malalamiko yasingekuwepo. Fundi, kwenu mtu wa filidi anaruhusiwa kugusa kodi ya kweli, yaani programu yenyewe inayoandikwa?

Fundi_Seva
Sasa hivi ndio. Anaanza kwa kuandika majaribio ya mfumo, baadaye anapewa hitilafu ndogondogo, na chochote anachoandika lazima sinia akipitie mstari kwa mstari na amweleze kwa nini hiki hakifai, kabla hakijaingia. Inamla sinia muda, sikatai, na kuna siku analalamika. Wengine wa filidi wanakuja Julai.