Milioni tatu nimelipa, ombi langu la hataza linakwepwa kwa mpira wa tyubu

Wakuu, niacheni nipumue kwanza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Katwe, Kampala. Miaka miwili nimehangaika na mashine ya kumenya matoke. Ndizi hazilingani unene, tena zimepinda. Kisu ukikikaza kinakula nyama, ukikilegeza kinaacha ganda. Nikafanya kisu chenyewe kiifuate ndizi, kinapanda na kushuka inavyopita. Uvumbuzi ni huo tu. Mota na fremu ni vyuma vya kawaida.

Nikampa wakili aandike ombi la hataza (patent), ile haki ya kuzuia wengine wasiuige uvumbuzi wangu. Milioni tatu, taslimu. Baadaye ndipo nikasikia kazi yake ya kila siku ni kesi za vibanja, yaani za ardhi.

Juzi mpwa wangu kanisomea nakala iliyopelekwa. Dai la kwanza, lile linalobeba ulinzi wenyewe: kisu cha chuma cha pua, springi mbili za chuma, mota ya nguvu ya farasi moja, fremu ya kijani. Kijani! Kakaa akaandika alichokiona kwenye picha niliyomtumia WhatsApp. Mtu hashikwi mpaka awe amechukua kila kilichotajwa kwenye dai. Jirani akitoa springi akafunga mpira wa tyubu ya boda, nimemkosa miaka yote 20. Akiona uvivu kufunga mpira, apake bluu.

Hakuniuliza hata siku moja, "Fundi, ungeweza kuifanya kwa njia gani nyingine?" Ningemtajia mpira, ningemtajia uzito wa kuning'iniza, vyote vikaingia kwenye maelezo. Sasa ombi lina tarehe yake, na jambo ambalo halikuwemo haliongezwi tena.

Michoro nayo: namba 4 kwenye mchoro ni kisu, kwenye maandishi ni springi. Ukurasa wa tano kuna "punje za kahawa". Kahawa imefuata nini kwenye matoke? Kanakili kazi ya mtu mwingine, basi.

Nilipompigia akasema, "Fundi, hayo ni ya kiufundi, huwezi kuelewa." Mimi niliyeitengeneza!

Kinachoniuma zaidi, nikidhani nimeshalindwa, niliipeleka maonyesho ya kilimo Jinja, watu wakairekodi video wapendavyo. Nikiandika ombi jipya leo, video hizo hizo zinaweza kunigeukia, ionekane si kitu kipya tena.

Kuna aliyewahi kuondoa ombi akaanza upya? Na kuna mwandishi wa hataza atakayekuja Katwe aishike mashine kabla hajashika kalamu? Wa picha za WhatsApp asinitafute.