Ushauri: Kikundi chetu cha programu ya ufaulu wa juu kinanifia mikononi. Nikiache au nikipambanie?

Kijana wa Msewe (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Nimekuja na shida, matusi wekeni pembeni kwanza.

Mimi ni mwaka wa pili, chuo kimoja hapa hapa Dar. Kwetu kuna programu ya wanafunzi wenye ufaulu wa juu. Unaingia kwa matokeo ya kidato cha sita, unasoma kozi yako kama wenzako, ila unaongezewa semina na unapewa mhadhiri wa kukusimamia tangu mwaka wa kwanza. GPA ikishuka chini ya 3.8 unatoka. Sharti jingine ni kila mtu awe kwenye kikundi, na vikundi tunaviendesha wenyewe wanafunzi. Viko vitano: usomaji, mdahalo, matembezi, kupokea mwaka wa kwanza, na kujitolea. Hicho cha mwisho nimeangukiwa nacho mimi. Siku ya uchaguzi nilikuwa steshenari, narudi naambiwa "hongera mratibu".

Kazi yetu ni kufundisha hisabati kidato cha nne kwenye shule moja ya kata, Jumamosi asubuhi. Grupu la WhatsApp lina watu 38. Jumamosi ya kwanza walijaa, picha zikapigwa za kutosha, darasa moja likawa na "walimu" saba, mmoja ubaoni na sita wamekaa nyuma na simu. Baada ya hapo wakaanza kuyeyuka. Mwisho wa mwaka anayefikisha asilimia 75 ya mahudhurio anapewa cheti, kwa hiyo kuna daftari la kusaini pale mlangoni. Mtu anafika saa tatu, anajisainia na kumsainia mwenzake wa chumbani, saa tatu na nusu yuko kituoni anasubiri daladala. Ukurasa wa mwisho una sahihi nne za kalamu moja, hata ule mkia wa mwisho umekunjwa vilevile.

Wiki ya testi ndiyo ikawa kichekesho. Mimi nilikuwa na testi Jumamosi yenyewe, wawili wakaandika kwenye grupu "tutaenda", na hawakwenda. Saa nne na nusu natoka kwenye chumba cha mtihani nakuta simu za mwalimu wa taaluma zimejipanga. Napiga, ananiambia: "Mratibu, darasa nimefungua, watoto wamekaa tangu saa mbili, wengine wamelipa nauli. Nyie mko wapi?"

Juu ya hayo mlezi wa kikundi anataka tuchangishane fulana zenye nembo. Na mchango wa 2,000 kila mwezi unakaa kwenye simu ya mweka hazina, ukimuuliza salio ananuna siku nzima.

Nijiuzulu nilinde GPA? Au nipunguze watu? Nikipunguza, hao wengine watatimiza vipi sharti la kuwa kwenye kikundi?

Nyundo Butu

Dogo, piga chini. Mwajiri hatakuuliza Jumamosi ulikuwa wapi, atakuuliza umetoka na ngapi. Ukiangukia 3.7 hakuna hata mmoja kati ya hao 38 atakayekusindikiza kwenda kuomba urudishwe.

Dada wa Goba

Nyundo, wewe umeajiri wangapi?

Mimi nakaa upande wa pili wa meza, nasaili vijana wanaotoka vyuoni. Wenye GPA nzuri ni wengi kuliko nafasi. Nikifika kwenye uongozi namuuliza mtu: ulikuwa mwenyekiti, sawa, mlifanya nini? Hapo wengi wanaanza kunitajia vyeo na semina za uongozi walizohudhuria. Akitokea mmoja akaniambia "tulikuta watoto hawawezi desimali, tukaacha silabasi tukaanzia huko", nafunga CV tunaongea. Kwa hiyo mleta mada, uratibu wa jina uache hata leo, haukusaidii. Ila kazi yenyewe ikifanyika, usiiache kwa maneno ya Nyundo.

Mhitimu wa Mlimani

Niliwahi kuongoza kikundi chuoni, nikaona mengi. Nitaandika kirefu kidogo.

Unawaona hao watu wavivu. Mimi naona daftari. Mmesema cheti ni cha anayesaini, watu wakasaini; wametimiza mlichowaomba. Ukiweka ulinzi mlangoni watakaa hadi saa sita, wamekaa tu nyuma na simu. Futa hilo daftari, ukiweza wiki hii hii.

Badala yake gawa kazi. Darasa moja halihitaji watu 38, linahitaji wawili: mmoja ubaoni, mmoja anazunguka kwenye madawati anaangalia madaftari. Wapange wawiliwawili, kila jozi ikabidhiwe mada yake na Jumamosi zake, majina yawekwe kwenye grupu tangu mwanzo wa muhula. Mtu akipata dharura atafute wa kubadilishana naye mwenyewe, asikuletee wewe. Utashangaa: anayekacha kikundi kizima bila aibu anaona haya kumkacha mtu mmoja anayemjua.

Jozi sita zinakutosha darasani. Waliobaki usiwafukuze. Kuna wa kutunga maswali ya mazoezi, kuna wa kusahihisha, kuna wa kuchapa na kutoa kopi. Kusahihisha mtu anafanya kitandani kwake usiku. Wote hao wana kazi, sharti la programu limetimia, na ukiulizwa nani kafanya nini unayo karatasi.

Halafu kalenda. Chukua ratiba ya chuo, weka alama wiki za testi na za UE (mitihani ya mwisho wa muhula) kabla hujaandika kitu kingine. Jumamosi hizo mwalimu wa taaluma aambiwe mwanzoni kabisa kwamba hampo. Shule haina ugomvi na Jumamosi chache. Ugomvi wao ni watoto kuitwa halafu wanakaa bure.

Nje ya mada kidogo: pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1967 wanafunzi walianzisha USARF, umoja wao wa kimapinduzi, mwenyekiti wake Museveni huyu huyu wa Uganda. Walikuwa na madarasa yao ya itikadi Jumapili, Walter Rodney akiwa miongoni mwa waliokuwa nao karibu, wakatoa na jarida lao, Cheche. Sijawahi kusikia kwamba kulikuwa na cheti cha mahudhurio. Watu walikuwa na jambo lao.

Nyundo Butu

Na 1970 wakapigwa marufuku. Kwa hiyo narudia: soma dogo.

Mhitimu wa Mlimani

😂 Sawa Nyundo. Yeye anafundisha logariti, serikali haina shida naye.

Kaka wa Ughaibuni

Niko Marekani, nilipita kwenye programu ya aina hiyo chuo kimoja cha jimbo. Huku ni mambo ya zamani. Chuo cha Swarthmore walianza 1922, rais wa chuo wakati huo Frank Aydelotte. Jamaa alikuwa amesoma Oxford, akaja na mtindo wa semina ndogo na watahini wanaotoka nje ya chuo. Yaani kiini chake ni masomo, na hadi leo kinachokutoa kwenye programu ni GPA, kozi zake na tasnifu.

Vikundi nilivikuta vingi: baraza la wanafunzi wa programu, kamati ya kujitolea, wa mwaka wa tatu kuwashika mkono wanaoanza. Ila nilikosoma mimi hakuna aliyepewa cheti kwa kukaa kwenye kikao. Na kitu nilichokipenda, kikundi kikifa wanakiacha kife. Mwaka unaofuata wengine wanakuja na chao. Sisi tukianzisha kitu tunataka kidumu milele, hata kama kimebaki jina na muhuri.

Nenda ofisi ya programu ukaulize sharti linasemaje hasa. Linasema vikundi vitano, au linasema kila mtu awe kwenye kikundi? Kama ni hilo la pili, mnaweza kuunganisha. Kupokea mwaka wa kwanza ni kazi ya wiki chache mwanzoni mwa mwaka, baada ya hapo wanafanya nini? Chukua watu wao.

Mwalimu Chaki

Mimi ni mwalimu wa sekondari, shule ya kata, hapa hapa Dar. Siyo hiyo yako, usiogope. Vikundi kama chenu nimevipokea, acha niwaambie upande wetu.

Msije na mada mnazozipenda. Kijana wa chuo anafika, anataka kuonyesha matriki na vekta kwa sababu ndiyo anazozikumbuka vizuri. Mwanafunzi aliye mbele yake amepata 12 kwenye mtihani wa majaribio. Angalia karatasi za Hisabati kidato cha nne za miaka hii ya karibuni: sehemu A maswali 10, kila moja alama 6, sehemu B maswali manne, kila moja alama 10. Daraja D linaanzia 30. Maana yake mtoto akimaliza sawasawa maswali matano ya sehemu A ametoka kwenye F. Matano tu. Kwa hiyo mwombe mwalimu wa somo karatasi za majaribio zilizosahihishwa, kaeni nazo jioni moja, muone alama zinapopotelea. Mara nyingi ni kwenye hesabu za sehemu (nusu, robo), desimali na ishara ya kutoa, mambo ya kidato cha kwanza na cha pili. Mtoto anajua hatua zote za swali, halafu hasi tatu mara hasi mbili inamtoa.

Pili, mtihani wa taifa ni Novemba. Chuo chenu kikifunguliwa mwishoni mwa Oktoba mkaja na nguvu mpya, hamtusaidii tena, mnawachanganya watoto. Kazi ya kweli ni kuanzia Februari hadi Septemba.

Tatu, na hili silifanyii utani. Ruhusa iwe ya maandishi kutoka kwa mkuu wa shule. Mfundishe kwenye darasa lenye milango wazi na mwalimu wa zamu akiwepo. Hakuna kuchukua namba za simu za wanafunzi, hakuna "nitakufundisha peke yako baadaye". Mtu wenu mmoja akiharibu, mnafungiwa wote na shule za jirani zinapata habari.

Bwana Hesabu

Naona hela wameiruka wote. Watu 38 mara 2,000 ni 76,000 kwa mwezi. Ndogo, lakini inatosha kuvunja urafiki. Kuna huduma za vikundi kwenye simu, pesa haitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja athibitishe. Hamisheni huko, na mweka hazina abaki na cheo chake. Msimshutumu wizi kwenye grupu, maana hamna ushahidi na pengine hajaiba, ila amechanganya na bumu lake (hela ya mkopo wa chuo) na sasa hajui ni ipi ya nani. Mpe wiki moja alete mchanganuo: imeingia hivi, imetoka hivi, imebaki hivi. Akileta, yaishe.

Kijana wa Msewe

Wakuu nimewasoma wote, asanteni sana. Mwalimu Chaki, hiyo hesabu ya 30 imenifungua macho, sisi tulikuwa tumeanza na mada ya programu mstari (linear programming) 🙈

Kuna pawili bado pagumu. Kwanza mlezi na fulana zake. Yeye ndiye anayenisahihishia somo moja muhula huu, siwezi kumwambia hapana mbele ya watu. Pili, nikifuta daftari, wale waliokwishafikisha asilimia 75 kwa sahihi za ujanja watasema nimewadhulumu cheti.

Dada wa Goba

Mlezi usimwambie hapana, na usimwambie kikaoni. Nenda ofisini kwake, salamu vizuri, mpelekee karatasi moja: jozi sita, mada, tarehe. Mwombe aipitie na aweke maoni yake. Akishasahihisha hiyo karatasi imekuwa yake. Kuhusu fulana mwambie, "Mwalimu, tunaomba tuzilete Septemba, baada ya watoto kufanya majaribio, ili tuwe na cha kusherehekea." Hapo umemkubalia, umebadilisha mwezi tu.

Mhitimu wa Mlimani

Vyeti wape waliokwisha kufikisha, wote, hata hao wa kalamu moja. Usianze kuchunguza sahihi, utamaliza muhula unasuluhisha kesi. Tangaza kwamba cha mahudhurio kinaishia hapa. Kuanzia sasa anayetaka uthibitisho ataandikiwa barua inayotaja mada aliyofundisha au kazi alizosahihisha, na mwalimu wa taaluma ataisaini. Waliofuata cheti watajitoa wenyewe.

Nyundo Butu

Wakijitoa wote je?

Mhitimu wa Mlimani

Atabaki na jozi moja na darasa moja. Ndicho alichonacho hata sasa, ila bila makelele ya grupu.

Kijana wa Msewe

Nimempigia mwalimu wa taaluma leo mchana. Kaongea kwa ukali mwanzoni, nikamwacha amalize. Karatasi za majaribio atanipa Jumatano, anataka barua ya chuo kwanza na majina ya watakaokuja. Mpaka sasa waliojiandikisha kwa jozi ni tisa. Wa kumi namtafuta, kwa hiyo zitakuwa jozi tano.

Mwalimu Chaki, swali la mwisho: hizo ishara za kutoa mnazifundishaje mpaka zikae? Mimi nikiwaeleza wanaitikia "ndiyo mwalimu", nikigeuka wanakosea.

Mwalimu Chaki

Usiwaulize kama wameelewa, watakuitikia mpaka kesho. Chora mstari wa namba sakafuni kwa chaki, mmoja asimame kwenye sifuri, wengine wamwamuru: tatu kulia, tano kushoto, uko wapi? Hapo umemaliza kujumlisha na kutoa. Kuzidisha fanya na deni: una madeni matatu ya elfu mbili, yakifutwa yote umepanda au umeshuka? Halafu mpe kila mtu maswali kumi mafupi, dakika tano, wasahihishane na jirani. Rudia kila Jumamosi kabla ya kuanza mada. Na chaki njooni nazo, za kwetu zinaisha Alhamisi.