Tupeane uzoefu: mzee ameshaondoka, wewe unamuenzi vipi?

Mtoto wa Fundi

Wakuu, arobaini ya mzee wangu imepita wiki tatu sasa. Turubai limerudishwa, masufuria ya majirani yamerudi, wajomba wamepanda mabasi yao. Kilichobaki ni ubishi. Kaka mkubwa anataka kaburi liwekewe marumaru, dada anataka tuchinje na kusoma hitma kila mwaka, mimi kitinda mimba nimeachiwa ufunguo wa kibanda cha mzee kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka.

Mzee alikuwa fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Juzi nimefungua kibanda, nikakuta cherehani ya kukanyaga imefunikwa kanga na rafuni kuna vitambaa kumi na saba. Kila kimoja kimebanwa kwa pini na kipande cha pakiti ya sigara (mzee havuti, alikuwa akiomba makasha matupu dukani). Kimeandikwa kwa kalamu ya risasi: jina, kifua, kiuno, urefu, halafu chini "katoa 5,000" au "bado".

Nikakaa kwenye kile kigoda chake. Hawa watu hela wametoa, nguo hawajapata, na aliyepokea hela yuko kwa Mungu. Nikaanza kuwatafuta. Mama wa kwanza kumpata akaniambia, "Mwanangu, baba yako aliniambia Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi." Tukacheka sana, halafu yeye akaanza kulia na mimi nikashindwa kuendelea.

Shida ni kwamba sijui kushona, mwisho wangu kifungo. Sasa nawauliza wenzangu: mzee alipoondoka mlifanya nini? Ya msibani tunayajua. Nataka ya baadaye, watu wakishatawanyika.

Karani Mstaafu

Pole sana kijana. Umeanza mahali sahihi bila kujua. Kwa sisi Waislamu mpangilio uko wazi: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi washike chao. Marumaru haimo humo. Na hata kwa sheria za nchi, mahakama ya mwanzo ikishakuteua msimamizi wa mirathi una miezi minne kupeleka Fomu namba 5, na fomu ile haitaki mali tu, inataka na madeni ya marehemu. Wengi wanajaza nyumba na shamba, upande wa madeni wanaweka mstari. Hivyo vikaratasi usivitupe hata kimoja.

Reli ya Uhuru

Mzee wangu alikuwa mtu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, tangu inajengwa, 1970 mpaka 1975. Alianza kibarua wa kokoto, akastaafu mnyapara wa gangi. Kichina chake kilikuwa kuhesabu hadi kumi na maneno mawili ya kugombeza, ambayo aliyatumia kwetu sisi watoto.

Kaburi lake liko Mbeya, nalisafisha nikipata nafasi. Ila nikisimama pale sioni kama yupo. Mwaka jana nikachukua wanangu wawili tukapanda treni Mlimba kwenda Makambako, kile kipande cha milima chenye mahandaki na madaraja yasiyoisha. Yeye ndiko alikolala kwenye mahema mvua inanyesha, na habari za huko alikuwa akizirudia kila sikukuu mpaka tunamkatiza.

Treni ikiingia handakini mwanga unakatika, kelele za mabehewa zinajaa masikioni, watoto wanapiga mayowe. Mdogo alikuwa akihesabu kwa vidole, vikaisha, akaomba vya dada yake. Kwenye handaki moja refu akaniuliza, "Hili babu alilitoboa peke yake?" Nikamjibu ndiyo. Mungu anisamehe. Mzee mwenyewe angesema hivyo hivyo.

Jang'o wa Siaya

Poleni nyote. Mimi nina majuto, wacha niyatoe hapa. Kwetu mazishi ni shughuli. Kamati ilikaa, mchango ukafika, tenti, ng'ombe, gari la maiti kutoka Nairobi, na kijitabu cha rangi kurasa nane. Kijitabu chenyewe ukisoma: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, aliugua kwa muda mfupi, ameacha watoto na wajukuu. Ungebadilisha picha ukazika mtu mwingine kabisa.

Hakuna mahali paliandikwa kwamba timu yake ya mpira, Gor Mahia, wakifungwa mzee alikuwa anabeba redio begani anatoka nje ya boma, anatembea nayo hadi mtoni, kwa sababu aliamini nyumba ndiyo ina mkosi. Mwaka 1987 waliposhinda Kombe la Washindi Afrika alikuwa huko huko mtoni, akarudi akiimba, viatu vimebaki majini. Hii niliisikia kwa rafiki yake wa rika moja, miezi sita baada ya mazishi. Siku ya mazishi huyo mzee alipewa kiti cha nyuma na hakupewa kipaza sauti, wanasiasa walikuwa wengi.

Sasa nikienda nyumbani nabeba simu, nakaa na hao wazee, narekodi. Walikuwa watano tulipozika. Wamebaki watatu. Nenda haraka, ndugu yangu.

Mpemba Maskati

Assalaam alaykum. Mie sikuzika. Baba alifariki Wete alfajiri, adhuhuri keshatiwa kaburini, mie niko Maskati nimeshika simu. Arobaini nikaisoma huku na Waswahili wenzangu, lakini si sawa.

Baba alikuwa na mikarafuu. Enzi hizo wachumaji wakilipwa kwa pishi, chombo cha kupimia, na wenye mashamba wengine wakiijaza pishi mpaka ifanye kilima, halafu wakaihesabu moja. Baba alikuwa na kijiti chake cha mpera, akikipitisha juu ya pishi mbele ya mchumaji, kikwaruze toka ukingo mmoja mpaka wa pili, kinachomwagika ni cha mchumaji. Mama akimwambia unajitia hasara. Hakujibu, akipangusa tu.

Msimu uliopita nikamwambia mdogo wangu, kijiti kile kitafute. Kakipata juu ya dari. Akanipigia simu ya picha, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, makonyo (vikonyo vyake) pembeni, akanionesha mchumaji mmoja mtu mzima kakishika kijiti anakigeuzageuza. Harufu siisikii kwenye simu, lakini wallahi niliisikia.

Sina Jina

Nitasema ambalo hamtalipenda. Si kila baba ni wa kuenziwa. Wangu alikuwa mlevi na mkono mwepesi. Nimemzika kwa heshima zote kwa sababu ya mama, na deni lake la kilabuni nimelilipa mimi. Ninachofanya kwa ajili yake ni kimoja: narudi nyumbani kabla ya giza na nikibisha hodi watoto wanakimbilia mlangoni badala ya kukimbilia jikoni. Basi.

Mtoto wa Fundi

@Sina Jina, asante kwa kusema. Hakuna wa kukubishia hapo.

Rombo Juu

Kuhusu marumaru: sisi tuliweka. Kaburi liko kihambani, shamba la nyumbani, hatua chache toka mlangoni, tulipanda na isale, mmea wetu wa heshima. Marumaru ilikula hela ya mazao ya misimu miwili, sasa hivi kuku wanapumzikia hapo kwa kuwa kuna ubaridi. Mzee alipenda kuku, labda kafurahi.

Kilichonifanya nijisikie mwanawe ni mfongo, mfereji wetu wa maji ya mashamba. Yeye ndiye alikuwa anapanga zamu za maji, nani afungulie lini. Alipokufa watu wakaanza kuibiana maji usiku. Siku ya kuzibua mfongo nikaenda na jembe lake. Mzee mmoja akanitazama akasema, "Umeshika jembe kama baba yako. Vibaya." Sijawahi kupewa sifa nikafurahi hivyo.

Mtoto wa Fundi

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Fundi wa kibanda cha pili, aliyekuwa akigombana na mzee kila siku kuhusu redio, amekubali kushona vyote kwa nusu bei kwa kufuata vipimo vya kwenye vikaratasi. Anasema mwandiko wa mzee anaujua kuliko wake. Kaka amekubali marumaru isubiri.

Nguo kumi na mbili zimeshachukuliwa. Wawili wamegoma kumalizia hela wakidai walishalipa zote, nimewaachia. Kati ya vilivyobaki kuna kitambaa kimoja cha kijivu kinachonisumbua, hakina jina. Kimeandikwa: "yule mrefu wa msikitini, urefu 45, bado."

Ijumaa hii nasimama mlangoni baada ya swala. Futi ya mzee ninayo mfukoni.