Nani anamkataa mwenzake, mzizi au kuvu?

Mzizi_Kimya:
Wakuu, naomba msaada. Nilipanda vitunguu kwenye vyungu 12, udongo ni mmoja, wenye spora (mbegu) za kuvu wa mizizi, wale wanaoishi ndani ya mizizi na kuupa mmea fosfeti. Vyungu 6 nikavitia mbolea ya fosfeti, 6 nikaviacha na njaa yao. Baada ya wiki 8 nikaosha mizizi, nikaichemsha kwenye potasiamu haidroksaidi mpaka ikapauka, kisha nikaitia rangi kwa wino na siki. Kwenye hadubini, ile yenye njaa imejaa kuvu, mpaka vile vichaka vidogo ndani ya seli naviona. Ile iliyoshiba karibu mitupu! Nikadhani mbolea imewaua. Lakini nilipochuja spora kwenye udongo uleule na kuziweka kwa miche mipya isiyo na mbolea, ziliota na kuingia vizuri. Sasa nani alimkataa mwenzake?

Mchimba_Udongo:
Ni mzizi, ndugu yangu. Mmea ukikosa fosfeti hutoa mizizini kemikali ya kuita, strigolaktoni. Ni kiasi kidogo mno na hakidumu udongoni, kwa hiyo kuvu akikihisi anajua mzizi hai uko jirani, na nyuzi zake zinaanza kutoa matawi. Mtafiti Akiyama na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2005. Kinachonigusa zaidi ni kwamba kemikali za ukoo huo zilijulikana tangu 1966, tena kwa ubaya: ndizo zinazoamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mimea mingine. Karibu miaka 40 haikueleweka kwa nini mmea umwite adui yake. Kumbe ulikuwa unamwita rafiki, na mwizi anasikia.

Kuvu naye hujibu. Hutoa vipande vifupi vya kitini (kitu kinachojenga ukuta wa seli zake), vingine vina mkia wa mafuta. Vikifika kwenye ngozi ya mzizi, kalsiamu kwenye kiini cha seli hupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama mapigo ya moyo. Seli ikishayapata mapigo hayo hujenga njia ya kumpitisha mgeni kabla hajaingia. Kwenye vichaka ulivyoviona ndiko fosfeti inakokabidhiwa, na mmea unalipa kwa sukari na mafuta.

Bi_Njegere:
Sawa, ila mzizi haukunyamaza tu. Kwenye njegere zenye fosfeti nyingi watafiti waliongeza strigolaktoni kwa mkono, na bado kuvu hawakurudi. Mlango wa ndani nao umefungwa. Na uamuzi ni wa mmea mzima: gawa mizizi ya mche mmoja kwenye vyungu viwili, tia mbolea upande mmoja, utaona hata upande wa pili kuvu wanapungua.

Mzizi_Kimya:
Hilo la kugawa mizizi lazima nilijaribu. Nina miche ya kabichi tayari, itafaa?

Bi_Njegere:
Kabichi hapana. Ukoo wake ulishapoteza jeni za mazungumzo haya, utachungulia hadubini bure. Baki na kitunguu. Mizizi yake hutoka mingi kwenye kitako, unaigawa bila kuiumiza.